Jumamosi za Katharine Hepburn katika ukumbi wa filamu wa Ngamiani, Tanga

Ukumbi mdogo wa filamu ulioko Ngamiani, karibu na barabara ya kumi na mbili, umemaliza msimu mzima wa maonyesho ya Jumamosi usiku kuhusu mwigizaji mmoja tu, Katharine Hepburn wa Marekani. Nimeufuata tangu Jumamosi ya kwanza hadi ya mwisho, na nawashauri wakazi wa Tanga, pamoja na wageni wanaopita kuelekea Pangani au Lushoto, wausubiri utakaporudiwa. Kiingilio ni shilingi 3,000 kwa mtu mzima na shilingi 1,000 kwa mwanafunzi. Kwa fedha hizo mtu anapata mazungumzo ya karibu nusu saa kuhusu kipindi kimoja cha maisha ya mwigizaji huyo, filamu nzima ya kipindi hicho, tafsiri ya Kiswahili inayosomwa kwa kipaza sauti filamu inapoendelea, na kikombe cha kahawa chungu pamoja na kashata.

Sifa kuu ya huduma hii ni namna maisha yenyewe yanavyosimuliwa. Wasifu wa waigizaji wa kike mara nyingi huandikwa kama orodha ya wanaume waliowapenda, na msomaji humaliza kurasa zote bila kujua mwanamke huyo alifanya kazi gani, kwa nani na kwa masharti gani. Mwalimu anayeendesha jioni hizi, mama mstaafu aliyefundisha fasihi katika shule za sekondari, ameikataa njia hiyo tangu dakika ya kwanza. Anamsimulia Hepburn kama mtu wa kazi, aliyeajiriwa na kufukuzwa, aliyetia saini mikataba na kuivunja, na aliyerudi jukwaani kila filamu zilipomkataa. Huu ndio mkoa alikozaliwa Shaaban Robert, ambaye wasifu wake wa Siti binti Saad ulituonyesha zamani kwamba maisha ya mwanamke msanii yanaweza kuandikwa kwa heshima inayolingana na kazi yake, na ninaona Mwalimu anautembea mwendo huohuo.

Hepburn alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 12 Mei 1907. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mama yake alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake ya kupiga kura na baadaye wa uzazi wa mpango, jambo lililowafanya baadhi ya majirani wajitenge na nyumba hiyo. Mwaka 1921, akiwa na miaka 13, alimkuta kaka yake mkubwa, Tom, amefariki, na kwa miaka mingi baada ya hapo akawa anaitaja tarehe ya kuzaliwa ya kaka huyo, 8 Novemba, kana kwamba ni yake. Msimulizi mwingine angeyachukua machozi ya msiba huo akayatandaza juu ya kila filamu iliyofuata. Mwalimu aliusimulia kwa sentensi chache, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na chuo cha Bryn Mawr, ambako Hepburn alihitimu mwaka 1928 na kuingia moja kwa moja katika uigizaji.

Miaka ya mwanzo jukwaani ilikuwa migumu, na kipindi hiki kilielezwa vizuri sana. Katika igizo moja la mwaka 1928 alipewa nafasi ya mhusika mkuu, akaondolewa baada ya onyesho moja tu, kwa kuwa woga ulimfanya aseme haraka mno hata watazamaji wasimwelewe. Jina lake lilianza kusikika mwaka 1932 huko Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo mjini New York, katika igizo la The Warrior's Husband, ambamo aliingia jukwaani akiruka ngazi huku amebeba paa mabegani. Studio ya RKO ikamchukua mwaka huohuo kwa filamu ya A Bill of Divorcement, iliyoongozwa na George Cukor, mtu atakayekuwa rafiki na mwongozaji wake kwa miongo kadhaa. Filamu iliyochaguliwa kuonyeshwa Jumamosi hiyo ilikuwa Morning Glory ya mwaka 1933, ambayo ilimpa tuzo yake ya kwanza ya Oscar na ambayo inahusu msichana aliyekuja mjini akitamani kuwa mwigizaji wa jukwaani. Ni chaguo zuri, kwa sababu ndani yake mtu anamwona mwigizaji kijana akiigiza njaa ya kutambuliwa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuionja, na sauti ile ya juu, ya haraka, yenye lafudhi ya watu wa kaskazini-mashariki ya Marekani, tayari inavutia na kuudhi kwa wakati mmoja.

Jumamosi iliyokuwa bora kuliko zote kwangu ni ile ya The Philadelphia Story, na ningependa kuieleza kwa kirefu. Kufikia mwaka 1938 Hepburn alikuwa na tuzo, lakini alikuwa pia na mfululizo wa filamu zilizoingiza hasara, miongoni mwake Bringing Up Baby, ambayo leo inahesabiwa kuwa mojawapo ya vichekesho bora vya enzi hiyo. Chama cha wamiliki huru wa majumba ya sinema kilichapisha tangazo kikiwataja waigizaji ambao majina yao, kwa maoni yao, yalikuwa sumu kwa mauzo ya tiketi. Yeye alikuwamo, pamoja na Greta Garbo, Joan Crawford na Marlene Dietrich. Ili watazamaji waelewe uzito wa jambo hilo, Mwalimu alieleza kwanza jinsi mfumo wa studio ulivyofanya kazi: mwigizaji alifungwa na mkataba wa miaka, akalipwa mshahara wa wiki, akapewa filamu bila kuulizwa, na akikataa alisimamishwa kazi bila malipo. Studio ilipotaka kumweka katika filamu aliyoiona haina thamani, Hepburn alilipa dola 75,000 ili mkataba wake uvunjwe, na baada ya filamu moja katika studio nyingine akarudi nyumbani kwao pwani ya Connecticut.

Kilichofuata ndicho kinachomfanya astahili msimu mzima. Mwandishi Philip Barry alimwandikia igizo, naye akakubali kulicheza bila mshahara wa kawaida, kwa makubaliano ya kupata sehemu ya mapato. Haki za kuligeuza kuwa filamu zilinunuliwa na rafiki yake tajiri, Howard Hughes, zikawekwa mikononi mwake. Igizo lilifunguliwa Broadway mwezi Machi 1939 na likachezwa huko mara 417. Studio kubwa zilipokuja kulitaka, zilikuta kwamba mwenye hati ni yule yule aliyetangazwa kuwa sumu, na kwamba haki hizo hazipatikani bila yeye kuwa mhusika mkuu na kuwa na sauti katika kumchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. MGM ikakubali. Cukor akaiongoza, Cary Grant na James Stewart wakaigiza naye, na filamu ikatoka mwaka 1940 na kumrudisha kileleni, ingawa Oscar ya mwaka huo alipewa Stewart, yeye akabaki na uteuzi tu.

Baada ya filamu, mwimbaji wa taarab aliyekaa safu ya mbele alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa mimi ninayeimba shairi la mtu, kwenye kikundi cha mtu, na kanda ikauzwa na mtu mwingine, hapo changu ni kipi?"

Mwalimu hakumpa jibu jepesi. Alimwambia kwamba Hepburn naye hakuandika hata neno moja la igizo lile, na kwamba alichofanya ni kuuliza swali hilohilo kabla ya kusaini, wakati ambapo wengi huuliza baada ya fedha kugawanywa. Mazungumzo yakahamia kwenye harusi za Tanga, kwenye tuzo zinazorushwa jukwaani na nani huziokota, na yakawa marefu kiasi kwamba tulitoka saa sita kasoro. Sijaona mahali pengine mjini hapa ambako wasanii wa leo wanakaa na kujadili masharti ya kazi yao kwa utulivu wa namna hiyo.

Jumamosi ya The African Queen ilijaza ukumbi hadi mlangoni, na sababu yake inaeleweka. Filamu hiyo ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, inaanza mwezi Septemba 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani nchi hii hii, wiki chache tu kabla ya majeshi ya Uingereza yaliyotoka India kushuka Ras Kazone mwanzoni mwa Novemba na kushindwa vibaya katika mapigano ambayo watu wa Tanga huyakumbuka kwa nyuki waliowavamia askari. Hepburn anacheza kama Rose Sayer, mmisionari anayeamua kushuka mto kwa mashua mbovu pamoja na fundi mlevi, anayechezwa na Humphrey Bogart, ili kuizamisha meli ya Wajerumani iliyoko ziwani. Meli hiyo ya hadithini inamkumbusha kila Mtanzania Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kuhusu uigizaji, Mwalimu alitupa ufunguo mmoja ulionifanya niitazame filamu hii upya. Mwanzoni Hepburn alikuwa akimcheza Rose kwa uso mzito na mkali, ndipo Huston akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alipokuwa akiwatembelea wanajeshi waliojeruhiwa, na tabasamu la heshima alilokuwa nalo. Ukilijua hilo unaona jinsi kidevu kinavyoinuliwa kila hatari inapokaribia, na jinsi mwanamke wa makamo, asiyepambwa, anavyobeba filamu nzima katika enzi ambayo studio zilikuwa zikiwatafuta wasichana. Alitimiza miaka 44 mwaka ule. Upigaji picha ulifanyika Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studio huko Uingereza. Watu wengi wa kikosi hicho waliugua tumbo, naye akiwa miongoni mwa walioumwa zaidi, kwa kuwa alishikilia kunywa maji, nayo yalikuwa machafu, wakati Huston na Bogart walikuwa wakinywa wiski. Onyesho la kanisani, anapopiga kinanda huku jasho likimtoka, lilipigwa akiwa mgonjwa, ndoo ikiwa imewekwa karibu naye. Mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1987.

Hata hivyo, ukumbi haukuipokea filamu hii kwa makofi tu, na nashukuru kwamba hakuna aliyejaribu kuyazuia maneno. Katika dakika za mwanzo askari wanachoma nyumba za kijiji na kuwachukua wanakijiji. Baada ya hapo hadithi inawaacha watu hao na kufuata mashua, nao hawapewi jina wala neno la maana hadi mwisho. Mzee mmoja alieleza kuhusu babu yake aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika vita vile na hakurudi, akauliza ni vipi hadithi ya vita vya hapa inaweza kusimuliwa bila wapagazi. Swali lake ni zito, kwa kuwa pande zote mbili zilitegemea migongo ya watu wa nchi hii kubeba risasi na chakula, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi sana. Mimi naamini inawezekana kuustahi uigizaji wa Hepburn na papo hapo kuulaumu upofu wa filamu aliyoicheza, na usiku ule ukumbi uliyabeba yote mawili bila kugombana.

Sasa niseme kuhusu upungufu, maana upo. Mwalimu anasoma tafsiri ya wahusika wote peke yake, na katika filamu zenye mazungumzo ya mwendo wa kasi, hasa Bringing Up Baby, alikuwa nyuma kwa sentensi mbili au tatu, hata watazamaji wa mbele wakawa wanacheka wakati wa nyuma wakiuliza kilichosemwa. Kibaya zaidi, kipaza sauti kinaifunika sauti ya Hepburn, na kumtazama mwigizaji huyu bila kumsikia ni kula pilau isiyo na bizari. Katika filamu zenye ukimya mwingi mpango huu unafaa, na Mwalimu ana busara ya kunyamaza mto unapoonekana peke yake. Lakini kwa vichekesho ningependa muhtasari uliochapishwa ugawiwe mlangoni, ili watu wasome kabla na kisha wasikilize. Aidha, tabia ya kusimamisha filamu katikati ili kuonyesha ramani ukutani inavunja mtiririko, na ramani hiyo ingeweza kuelezwa katika nusu saa ya mwanzo. Viti ni vya plastiki na havivumiliki baada ya saa moja na nusu. Maonyesho hutangazwa kuanza saa mbili na nusu, baada ya sala ya isha, lakini mara nyingi huanza saa tatu kwa kuwasubiri wachelewaji, jambo ambalo si haki kwa waliofika mapema.

Upungufu unaoniuma zaidi ni wa maudhui. Msimu unamtangaza Hepburn kuwa mwigizaji wa filamu na wa jukwaani, lakini baada ya mwaka 1940 jukwaa linatajwa kwa kupitia tu, ilhali ndiko alikojipima kwa ukali zaidi. Mwaka 1950, akiwa tayari nyota ambaye hakuhitaji kujihatarisha, alirudi Broadway kumcheza Rosalind, mhusika mkuu wa igizo la As You Like It la Shakespeare. Mwaka 1955 alizunguka Australia na kikundi cha Old Vic cha London akicheza maigizo matatu ya mwandishi huyo, na mwaka 1957 akacheza tena Portia, mwanamke wa igizo la The Merchant of Venice, huko Stratford, Connecticut. Mwaka 1969, akiwa na zaidi ya miaka 60, alikubali kuimba jukwaani katika mchezo wa muziki kuhusu mbunifu wa mavazi Coco Chanel, ingawa sauti yake haikuwa ya kuimba. Maonyesho ya jukwaani hayaachi filamu ya kuonyesha, na naelewa ugumu huo, lakini sisi tunayo hazina ambayo haikutumika: Mwalimu Nyerere alilitafsiri igizo la Portia huyo huyo na kulichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Usiku mmoja wa kusoma kwa sauti maneno ya Portia mahakamani, kwa Kiswahili, wakisoma wanafunzi wa sekondari za hapa mjini, ungetuonyesha kazi ya jukwaani ya Hepburn kuliko maelezo yoyote.

Kuhusu Spencer Tracy, mwigizaji mwenzake na mpenzi wake wa miaka mingi, ambaye waandishi wengi huanza naye, ukumbi ulitumia muda mfupi unaostahili. Waliigiza pamoja katika filamu tisa kati ya mwaka 1942 na 1967. Tracy alikuwa na mke na hakuwahi kumwacha. Hepburn alisimama kazi kwa miaka kadhaa ili kumuuguza. Guess Who's Coming to Dinner, filamu yao ya mwisho, inahusu wazazi Wazungu ambao binti yao anataka kuolewa na daktari Mweusi, anayechezwa na Sidney Poitier. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kampuni za bima hazikukubali kumkatia bima, hivyo Hepburn na mwongozaji, Stanley Kramer, waliweka malipo yao wenyewe kuwa dhamana. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku chache tu baada ya kumaliza sehemu yake, na siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za watu wa rangi tofauti. Filamu ilimpatia Hepburn Oscar ya pili. Ya tatu ilikuja mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, kwa kura sawa na Barbra Streisand, na ya nne kwa On Golden Pond ya mwaka 1981. Hakuna mwigizaji mwingine aliyefikisha nne kwa uigizaji, na yeye hakwenda kupokea hata moja. Alifariki tarehe 29 Juni 2003 akiwa na miaka 96.

Mwenye nafasi ya jioni moja tu na achague The Philadelphia Story, kwa sababu ya hadithi iliyo nyuma yake. Wazazi wanaotaka kuwaleta vijana wa sekondari wachague The African Queen, lakini wabaki kwa mazungumzo ya baada ya filamu, ambayo yana thamani sawa na filamu yenyewe. Kwa akina mama wanaohofia kurudi usiku, ukumbi huita bajaji za madereva wanaofahamika na kila abiria hulipa nauli yake. Umeme ukikatika kuna jenereta, nayo huwekwa mbali, uani, hivyo haisumbui masikio. Nafasi huwekwa kwa kupita ukumbini mchana, na anayefika Ijumaa baada ya sala humkuta Mwalimu mwenyewe akipanga viti. Hapo ndipo nitakapokwenda kumwomba usiku wa Portia, na nawaomba wengine wanaokubaliana nami waje wamwombe pia.